Kicheko cha Baba Ésaïe

Jumatatu, 8 Oktoba 2001

Mume wangu ameanguka tena! Na safari hii mbele za watu, hapa Butembo, sokoni Mususa, pale tunapopimia maharagwe. Jirani yangu Virginie alimtania tumbo — eti vita vinakondesha wote ila yeye. Akacheka. Kidevu kikaanza kutetemeka, magoti yakalegea, pwaa! juu ya magunia. Macho wazi. Anasikia kila neno, kuinua kidole hawezi. Kisha akaamka, akajipangusa vumbi, akaomba ndizi.

Watu hawakukawia. Amelewa. Hapana, amerogwa. Zorobabel wangu hajagusa pombe ya kasiksi tangu ubatizo wa mtoto wetu Ésaïe! Lakini nani atanisikiliza mimi?

Tajiri wake, mwenye lori, amechukua ufunguo. Simlaumu. Dereva anayesinzia mchana kutwa kama yeye, kwenye zile kona za Maboya, nani atampa watu na mizigo?

Jioni nilimpeleka kwa muuguzi wetu, infirmier Josaphat. Alimkanda shingo, akamfunua macho. Mikroskopu askari waliibeba zamani, kwa hiyo anapima kwa macho na vidole. «Iko malali hii, Mama Ésaïe. Alikuwa anapitaka Kamango, mu pori. Mbung'o zilimuuma kule.» Dawa inafika Jumatano ya juma lijalo, siku hiyohiyo anaanza kumchoma. Hakunificha: sindano yenyewe ni sumu, inaunguza mishipa, wengine hawaamki. Lakini malale bila dawa ni kaburi.

Nikikataa na ni malale, anakufa. Nikikubali na si malale, pengine anakufa vilevile. Ee Mungu.

Jumatano, 10 Oktoba

Siandiki mengi. Mama mkwe anakaa mlangoni na rozari kama mlinzi. Zoro amemwambia kwamba kunapopambazuka anaona mtu amemkalia kifuani, naye hawezi kupiga kelele. Angenyamaza tu! Sasa kila mwanamke mzee anayepita hapa ni mchawi.

Na kula — sufuria nzima ya viazi, peke yake, tulipokwisha kulala. Ésaïe aliamka akakuta sufuria tupu. Nilimfokea Zoro mbele ya mtoto. Aliinamisha kichwa, akasinzia palepale huku nikimfokea! Nilikasirika hadi nikalia.

Ijumaa, 12 Oktoba

Virginie amekuja na sahani ya sombe. Anajilaumu kwamba yeye ndiye aliyemwangusha. Anasema Beni kuna daktari aliyesoma mbali, Docteur Kasonia, amewahi kumtibu mtu wa kuangukaanguka. Ndugu zake Virginie watatulaza.

Josaphat hakupenda. Ati ninapoteza wakati. Mama mkwe naye ati barabara imejaa wapiganaji wa Mayi-Mayi na askari, utakufa wewe kwanza, utaniachia mgonjwa na mtoto. Nimemwachia mtoto tu. Kesho tunapanda gari la makabeji.

Jumapili, 14 Oktoba

Beni, mtaa wa Ruwenzori. Tulifika salama. Zoro alilala njia nzima, hata kwenye barrière, kizuizi cha askari. Askari walicheka, wakatuacha.

Docteur Kasonia ni mwembamba, anaongea taratibu, na leo Jumapili alitupokea baada ya misa. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Anaanguka saa gani? Akifanya nini? Akiwa chini anasikia? Kula kukoje? Nilipotaja kicheko aliweka kalamu chini.

Akatueleza. Ninaandika kama nilivyoshika. Ndani ya ubongo, chini kabisa, kuna kitu kidogo sana kinachopeleka habari. Wataalamu wamekipa jina juzijuzi tu, vita hivi vikianza: orexine. Ndicho kinachoambia macho, kaeni wazi. Kinaambia tumbo, sasa njaa, sasa basi. Kinaushika mwili usilegee moyo ukichemka. Kwa wagonjwa fulani kinakwisha, hakuna ajuaye vizuri kwa nini. Hapo usingizi na kuamka vinaingiliana, ndoto zinakuja macho yakiwa wazi, na mtu akicheka mwili unadhani umekwisha lala.

Zoro akasema: «Donc ni sawa na kigingi nyuma ya gurudumu, docteur. Lori inasimama ku mlima, kigingi kinatoka, inarudi yenyewe.»

Docteur akasema ndiyo, kabisa. Sijawahi kumwona mume wangu akikaa wima vile tangu mwaka jana! Hakurogwa. Si mlevi. Si mlafi. Niliona haya kwa ajili ya ile sufuria.

Basi si malale? Niliuliza. Akasema neno lenyewe ndilo linalotudanganya huku kwetu: mtu analala, tunasema malale, tumekwisha maliza. Lakini malale hasa pia inalaza watu, na yeye hana mashine ya kupima. Alama moja tu ingemtosha: amwone akianguka kwa kicheko, kwa macho yake. «Sitamuambia Josaphat aache dawa juu ya maneno ya watu, mama. Kama nimekosea, mimi ndio nimemuua.»

Basi acheke! Nikaanza palepale. Nikamsimulia ile ya mbuzi, ambayo kila mara inamwangusha.

Siku ya mahari yetu, upande wetu ulilalamika kwamba mbuzi wa akina Zoro hawakupambwa. Mbuzi wao mmoja alimeza kitambaa cha kichwa cha shangazi yangu, kile cha harusi. Shangazi akapiga yowe, alipwe! Wazee wakabishana, kitambaa kiko tumboni mwa mbuzi, na mbuzi sasa ni wa upande gani? Mpaka mjomba wake Zoro aliposimama: «Mulisema mbuzi wetu hawakuvaa vizuri. Bon! Huyu amevaa kwa ndani.»

Hakuna. Zoro alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto anayesahau shairi. Docteur alicheka, yeye!

Jumanne, 16 Oktoba

Hakuna kicheko. Jana kutwa, leo kutwa. Nimemwigizia mama mkwe na rozari yake. Nimemwigizia padri. Wagonjwa wote uani kwa Docteur wamecheka, mama mmoja ameshika mishono yake akiniomba niache. Zoro anatabasamu kwa adabu tu. «Mama Ésaïe, unanichekesha sawa vile unanisukuma. Mutu hachekake na woga.»

Kweli. Wazazi waliniita Joyeuse, yaani mwenye furaha, na leo furaha yenyewe imekuwa kazi.

Alasiri risasi zililia upande wa chini. Tuliingia wote chini ya vitanda. Kesho Docteur anashuka Butembo kutafuta dawa, katika gari letu hilihili la kurudi nyumbani. Ataongea na Josaphat uso kwa uso. Nikamuuliza atamwambia nini. Akasema: nitamwambia nilichokiona. Na mpaka sasa hajaona kitu.

Kesho ndiyo Jumatano ya sindano.

Jumatano, 17 Oktoba

Ninaandika kando ya barabara, daftari juu ya goti, chini ya nguo yangu ya kikwembe. Askari anayetulinda anadhani naandika bei za maharagwe. Nisipoandika nitapiga kelele.

Barrière. Wote chini! Tukashuka, mimi, Zoro, Docteur, mama wawili wa samaki. Askari mmoja mkubwa, macho mekundu, akasoma vitambulisho kwa sauti. Akafika kwa Zoro. «Zorobabel? Ule wa Biblia, mwenye kujenga hekalu?» Ndiyo, chef. «Bon, Mungu amekutuma! Njoo utujengee choo, yetu imebomoka!»

Tukacheka sote, kile kicheko cha barrière, cha meno tu. Nikamtazama Zoro. Kidevu. Kinatetemeka. La, si hapa! Nikamshika mkono, lakini alikwisha cheka — anacheka kweli, kwa moyo wote, kile kicheko chake cha zamani! Akaanguka juu ya buti za yule askari.

Bunduki zikalia klak. «Mayi-Mayi! Banajifanyaka maiti hawa!» Mmoja akamkanyaga mbavuni. Macho ya Zoro yalikuwa wazi, yananitazama. Anasikia yote. Nikataka kumfunika kwa mwili wangu, mtutu ukanirudisha nyuma.

Docteur akapiga magoti, mikono juu. Akaomba ruhusa. Akamgonga Zoro chini ya goti kwa ukingo wa kiganja. Mguu haukucheza, ingawa wa mtu anayejifanya ungeruka. Akagonga tena. Akaniinulia uso. «Si malali, mama. Nimeona.»

Juma zima nimeyaomba maneno hayo! Nimeyapata chini ya mtutu wa bunduki.

Sasa Zoro amekaa, mikono imefungwa nyuma na kamba ya makabeji. Docteur ameeleza ugonjwa, orexine, kigingi, yote. Yule mkubwa hakuamini, lakini hajapiga risasi. Ameita komanda wake. Amesema hivi: kama ni ugonjwa wa kicheko, acheke mbele ya komanda. Akianguka, ni mugonjwa, mutaenda. Asipoanguka, ni Mayi-Mayi, atabaki hapa.

Atabaki hapa. Nimeona ni wapi. Udongo ule uliochimbwa nyuma ya kibanda chao bado ni mpya.

Docteur ameninong'oneza nitafute kitu cha kuchekesha. Nimetafuta. Kichwa kitupu kabisa. Mama wa samaki wanasali.

Jeep ya komanda inakuja, inapanda kilima. Askari wanajipanga. Nimemsogelea Zoro, nikamwambia Baba Ésaïe, sina kitu, nisaidie.

Ameinua kichwa. «Ile ya mbuzi,» amesema. «Lakini usilie ukiisema.»