Mtoto Wako Habadilishwi Jina

Wairimu mwanangu,

Mama Hamisi wa mlango wa pili ndiye ameshika kalamu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunirembeshea maneno.

Nyambura wako yuko. Ulituacha tukijua ana usonji, basi. Kumbe si hilo tu. Unakumbuka vile alikuwa akikanda chapati na sisi, halafu ghafla ananyamaza, macho ukutani, unga vidoleni? Ukasema, "Mum, mwache, ni usonji wake huo." Tukamwacha. Sasa daktari amempima kichwa kwa zile nyaya, akasema hicho ni kifafa. Si cha kuanguka, ni cha kuduwaa, akampa dawa. Tena huku kurukaruka kwake, asikae kitini hata kidogo, nako kuna jina la kidaktari.

Nikamwambia, "Daktari, mtoto mmoja magonjwa matatu? Chagua moja twende nyumbani."

Akacheka. Akasema hayafukuzani, ila watu wakishaona moja, huacha kutafuta mengine. Nikamwelewa. Hapa Kaloleni tumepika familia tatu jiko moja. Ukiona sufuria ya mmoja, usidhani wengine wamelala njaa.

Lakini wifi yako alikuja Jumapili. Akaniita bibi kama Nyambura aniitavyo, "Cucu, shida imekuja na hilo jina. Tumbatize upya, nimpeleke kwetu, aachane na dawa." Na babake mtoto humsikiliza dadake, unajua.

Ni jina langu hilo la Nyambura, mwanangu. Ulimpa kwa mila, kwa kuwa mimi nilikuzaa. Nikamwambia, "Hilo jina nimelibeba mpaka meno yakaisha, na sijaanguka. Wewe tafuta lingine la kusingizia."

Akalia. Hana roho mbaya, anampenda mtoto. Na hapo hapo Nyambura akaduwaa, kikombe cha chai moto mkononi. Wifi yako akaanza kukemea mapepo. Nikamwambia, "Nyamaza, mshikie kikombe kisimchome." Akakishika. Tukangoja. Mtoto akarudi, akamtazama shangazi yake, akamwomba sukari.

Wifi yako akamtilia sukari. Kisha akauliza hupewa dawa saa ngapi. Kesho anamwambia kakake kwamba mtoto asitolewe hapa.

Mwanangu, nakulilia nikifua, nikipika, hata kanisani nakulilia. Lakini Nyambura hatoki mkononi mwangu, na dawa yake atainywa.

Lala salama. Nikichelewa kuja huko uliko, usininunie. Bado nalea.

Mamako