Baba, Serikali Imejibu Kuhusu Magereza

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utaniita mtoto wa mjini.

Serikali imejibu. Ile tathmini ya ukaguzi huru wa magereza, uliyoivalia koti la harusi ukaenda kuitolea maoni hapa Bariadi, imejibiwa wewe ukiwa umeshatuacha. Ulipenda mambo ya haraka, maskini.

Unakumbuka ulipoteuliwa kuwa mkaguzi wa gereza? Ulikuwa umestaafu kupima pamba, ukajigamba kwamba aliyezoea wakulima wanaoficha mawe kwenye magunia hadanganyiki. Wakakudanganya. Kila ziara walijua unakuja, ukakuta kuta zimepakwa chokaa na sufuria ina nyama. Ulirudi na chokaa mgongoni ukimsifu mkuu wa gereza, mpaka mfungwa mmoja alipokuomba, "Mzee, njoo hata kila wiki. Ukija tunakula."

Ulikasirika! Ziara iliyofuata ukaibuka bila taarifa. Mkuu akakuletea wali ofisini. Wewe ukamwambia kwetu Usukumani mwanaume hali peke yake wenzake wakiwepo, ukamshika mkono mpaka jikoni, mkala maharage ya wafungwa sahani moja. Ulinisimulia huku ukicheka mpaka meno ya bandia yakataka kukutoka: "Amemeza wadudu, mwanangu, na akanishukuru!" Baada ya hapo maharage yakaanza kuchambuliwa.

Lakini jambo moja lilikuuma. Ukiwauliza wafungwa shida zao, askari akiwa nyuma yako, walijibu kama kwaya, "Hatuna shida, mzee!" Ulisema hata peponi hakukosi mlalamikaji. Ndiyo maana uliomba kitu kimoja tu: mkaguzi aachwe peke yake na mfungwa.

Jibu ni refu, Baba. Pendekezo hili "limepokelewa", lile "linafanyiwa kazi", jingine litategemea bajeti. La kwako limekubaliwa. Nililisoma gazetini nikiwa sokoni, nikalia palepale, na muuza dagaa akanipunguzia bei akidhani nimefiwa. Hakukosea sana.

Nafasi yako nimepewa mimi. Juzi nilikaa chumbani na mzee mmoja wa Mwamapalala, mlango umefungwa, askari nje. Akaniuliza habari za mvua, za ng'ombe, za watoto. Nikamwambia tuko wawili tu. Akatazama mlango, akachungulia hadi chini ya meza, kisha akasema taratibu, "Mama, kifungo changu kiliisha msimu uliopita wa pamba. Niliogopa kuwasumbua."

Nikatoka kudai faili lake, Baba. Nilitamani ungekuwepo uwagombeze wakubwa wa gereza.

Jana tumemfikisha kwao. Pumzika sasa. Mimi kesho narudi gerezani; Mama anawaambia majirani hivyohivyo kwa kifupi, bila kutaja ukaguzi, nao wameanza kuniombea.

Binti yako,
mkaguzi