Siku Niliyoshinda Stoo ya Magodoro

Chumba cha Juu,
Njia Panda ya Malori.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo, mdogo wangu? Goti la shemeji limepona? Na wapwa zangu, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mimi ni mzima, ndivyo inavyosema karatasi ya zahanati, ila uzima huo nimeughushi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kazi ipo. Watu bado wanaharibu saa, nami bado nazitengeneza hapa hapa dirishani, maana mwanga mzuri uko upande wa barabara. Tangu barabara ipanuliwe, malori hayapumziki. Yakifika chini yangu yanakanyaga breki, vioo vinatetemeka na skrubu zangu zinacheza kisosini.

Siku moja nilishika mshipa wa mkono huku nikitazama saa ya mteja. Barabara ikiwa imetulia, mapigo sabini na mawili kwa dakika. Lori likapiga honi: tisini na manne! Nikarudia mara tano, yale yale. Nikaenda zahanati.

Muuguzi akaniambia, "Mzee, unadhani umezoea, lakini mwili haujazoea. Kila honi unashtuka kama mtu aliyevamiwa. Mishipa inajibana, presha inapanda, na miaka ikienda hivyo moyo unachoka." Akanivalisha kipimo cha presha cha kushinda nacho na kulala nacho, kinachobana mkono kila nusu saa. Akasema niishi kama kawaida yangu.

Hapo nikakumbuka nilichokuahidi: majibu yakiwa mabaya, nahamia kwenu. Basi Kitinda, nikafanya utoto. Nilitoka zahanati moja kwa moja hadi kwa muuza magodoro, yule rafiki yangu tunayemwita Springi, nikamwomba stoo yake ya nyuma. Nikashinda humo na kulala humo, katikati ya magodoro yaliyopangwa hadi darini. Sauti haipenyi hata kidogo. Springi alidhani nimefukuzwa na mwenye nyumba, masikini, akaniletea chai na mto.

Majibu yakatoka safi. Muuguzi akanipongeza, akasema dawa tusubiri kwanza. Nami nikakupigia simu nikijigamba, ukashangilia. Nisamehe, mdogo wangu.

Si ukaidi tu unaonizuia kuhama. Tangu wifi yako atutoke, kelele hizi ndizo zinazonijazia chumba. Nikifunga dirisha nasikia kijiko changu mwenyewe kikigonga kikombe, na naona upweke. Mle stoo, kimya kilipotanda, nililia mpaka nikalowesha godoro jipya la mwenzangu. Nilimwambia Springi ni chai.

Sasa sikia. Juzi mchana kifua kilinibana nikiwa mezani. Kibano cha kushikia skrubu kikanidondoka. Nikaita jina la wifi yako, kwa nguvu zote, bila hata kufikiri. Lori lilikuwa linapita, na sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Maumivu yaliisha. Naogopa, Kitinda. Nikianguka humu, hakuna atakayejua.

Kesho asubuhi narudi kwa muuguzi nimwambie ukweli wote. Akinigombeza, nitanyamaza.

Wasalimie shemeji na wapwa zangu, na umwambie mama mkwe wako saa yake iko tayari. Mungu awalinde, awape usingizi mwema na mioyo mizima.

Nawe njoo unichukue. Usinipigie simu kuniuliza nimeamua nini, maana nitakudanganya tena, huku nikicheka. Njoo tu, upande ngazi. Usipoteze muda kubisha hodi, sitakusikia. Sukuma mlango uingie.

Kaka yako akupendaye, hata asiposema,
Fundi Saa