Fundo la Baba na Kobe wa Bwawani

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili mchana.

Mpendwa wifi yangu,

Nakusalimu nikiwa kwenye meza yangu ya ufundi, feni ya jirani nimeisukuma pembeni ili nipate nafasi ya karatasi. Hujambo? Miguu iliyokuwa ikikuvimba imetulia? Mapacha bado wanagombania kitanda cha juu? Sisi huku wazima. Mama ananiuliza kila asubuhi kwa nini huandiki, nami namwambia umekuwa mzito wa kalamu tangu ulipoolewa. Kama nimekusingizia, jitetee kwa barua.

Mama amepata miwani mipya. Sasa anaona hata vumbi ambalo halipo, na mwenye kulifuta ni mimi.

Kaka yako bado yuko pale hotelini, kwenye bwawa la kuogelea. Unakumbuka kwamba alipopasuliwa mgongo daktari alimkataza kuinama na kusugua. Kilichomwokoa asimwage unga ni ile mashine inayotambaa yenyewe chini ya maji, ikisugua sakafu na kunyonya uchafu. Anaiita Kobe. Anamsifia Kobe kuliko anavyonisifia mimi, na nimeshazoea.

Basi wiki hii Kobe akagoma. Anateremshwa majini, anatambaa kidogo, anasimama, na taa ya kisanduku cha umeme kilichoko ukingoni inakuwa nyekundu. Ukimtoa na kumwasha upya anakubali, halafu anakuchezea shere vilevile. Meneja akasema mota imekufa na hawanunui nyingine. Wageni wa mkutano walikuwa njiani, kwa hiyo bwawa lisuguliwe kwa brashi ya mkono, na asiyeweza ampishe mwingine.

Kaka yako alirudi ameshika tama. Hakula. Mama alipomuuliza ana nini, akasema ni meno. Wifi, niliogopa. Namjua mtu huyu: angeenda kusugua hivyohivyo, ajikaze kisabuni mpaka mgongo umrudishe kitandani, na safari hii asiinuke.

Kesho yake nikabeba mita yangu ya kupimia umeme tukaongozana. Meneja alinitazama juu mpaka chini. "Haya shemeji, jaribu," akasema, "ila usije ukanizimia hoteli nzima."

Nilianza na soketi. Nikachomeka pasi ya dobi, ikapata moto vizuri, kwa hiyo ukutani hakukuwa na neno. Nikapima umeme unaotoka kwenye kisanduku, nikakuta ni uleule ulioandikwa ubavuni mwake. Nikachomoa kila kitu, nikaupima ule waya mrefu wa bluu unaokwenda kwa Kobe. Mita ikalia, maana yake waya mzima. Hapo nami nikaanza kukuna kichwa, nikaona meneja huenda amesema kweli.

Lakini Kobe hasimami akiwa ametulia, anasimama akitembea. Nikamwambia kaka yako aukunje waya taratibu kuanzia upande wa Kobe, mimi nikisikiliza mita. Ikalia, ikalia, ikalia. Alipokaribia plagi ya kisanduku, ikanyamaza. Akaunyoosha, ikalia. Akaukunja tena, kimya.

"Hapa huwa unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo ninapofunga," akasema. "Fundo la baba."

Unalijua, wifi. Marehemu baba aliwafundisha nyote kukunja kamba, mpira wa maji na kila chenye urefu kwa kuzungusha kwenye kiwiko, kukaza, halafu fundo lile moja karibu na mwisho. Kwenu hata mkanda wa suruali unakunjwa hivyo. Kila jioni kaka yako alimlaza Kobe kwa heshima hiyo, fundo mahali palepale, mpaka nyuzi za shaba zikakatika ndani huku ganda la nje linang'aa. Kobe akiuvuta waya kidogo tu, umeme unapotea.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alikuwa ameushika ule waya, akaniambia, "Ni kitu pekee baba alichonifundisha bila kunifokea." Nikaacha kucheka. Nilimhurumia, wifi, na nilimpenda sana pale alipokuwa amesimama.

Nikakata kipande kibovu, nikafunga plagi upya upande wa kisanduku, mbali na maji. Waya umepungua kidogo lakini unafika kila kona. Tukamteremsha Kobe. Akatambaa mpaka mwisho wa bwawa, akapanda ukuta, akageuka, na taa ikabaki kijani. Kaka yako akamfuata kwa miguu ukingoni, kwenda na kurudi, kana kwamba Kobe angepotea. Meneja akatuletea soda, akaniomba nikaitazame na mashine ya kufulia. Hiyo ndiyo asante yake, tumeipokea.

Tangu siku hiyo kaka yako anaulaza waya chini kwa miduara mipana bila kuukaza, kisha anaondoka upesi, maana mikono inamwasha kupiga fundo. Jioni hiyo alikula chakula chake na changu. Mama akasema hayo meno yamepona haraka.

Nawe itazame pasi yako, karibu na plagi. Najua unavyoifunga. Chomoa kwanza ukutani kabla hujaigusa.

Mama anakusalimu na anataka picha ya mapacha, si ya nyumba. Mpe salamu mumeo, na shangazi aliyehamia kwenu. Mungu awalinde humo ndani, awape usingizi mwema na riziki isiyowavunja migongo.

Ni mimi wifi yako,
nikupendaye hata usipojibu.

N.B. Katika bahasha hii utakuta kipande cha waya wa bluu, ndicho nilichokikata. Kwa kiwiko hakikutosha, kwa hiyo kaka yako amekikunja kwa vidole, akakaza, akapiga fundo. Amesema hicho hakipitishi tena umeme, basi usikifungue.