Moto Niliouwasha Chini ya Bomba

Tata, baba yangu mpendwa,

Nimekaa kibarazani kwetu Bujonde, huku Kyela, kakao imeanikwa uani, jua linachoma, nami nataka kukuandikia habari za barafu. Najua ungecheka. Ila kufikia mwisho usingecheka.

Unakikumbuka kibanda chetu cha mbao kule juu, karibu na Kitulo? Mzee Sanga, rafiki yako tangu mkiwa maseremala vijana, alikukatia kipande cha shamba lake ulime viazi. Kibanda mlikijenga wawili, mkavuta bomba jeusi la plastiki kutoka kwenye chemchemi yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa joto. Julai ile, nilipoona nyasi nyeupe asubuhi, nilidhani kuna mtu kamwaga unga.

Ulinifundisha kila kitu. Ulikuwa umepanda na mafurushi ya majani makavu ya migomba kutoka nyumbani. Tukayaviringisha kwenye bomba, tukafunga kwa kamba, juu yake tukaweka magunia. Jioni koki iachwe idondoke kidogo, maji yasitulie.

"Yakiganda, fungua koki kwanza," ulisema. "Kisha anzia hapo kwenye koki, ukipanda juu taratibu. Kitambaa na maji ya vuguvugu. Moto hapana, Atupele. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

Ukashuka Kyela kuangalia mpunga, ukaniachia kibanda kwa siku tatu. Usiku wa pili baridi ilinishinda. Nilivua magunia yote kwenye bomba nikajifunika, na majani ya migomba nikayatia jikoni niote moto. Koki nikaikaza, maana kudondoka kwake kulinikera.

Asubuhi bomba lilikuwa gumu kama mti. Nilijua la kufanya, ila sikuwa na maji hata kikombe kimoja ndani. Ningeweza kwenda kuomba kwa Mama Sanga, pale chini tu. Lakini angekuja kunisaidia, na angeuliza magunia yako wapi. Nikakusanya nyasi kavu, nikawasha chini ya bomba. Nilijiambia ni moto mdogo. Bomba likajikunja, likatoboka, na moto ukatambaa hadi kwenye mpaka wa shamba la Mzee Sanga. Niliuzima kwa matawi, huku nalia.

Uliporudi kesho yake ukaona weusi ule, ukauliza. Nikasema, "Mzee Sanga alikuwa anachoma nyasi zake."

Hukuvua hata koti, ukaenda kumkabili. Ilikuwa Jumapili na watu walikuwa wanatoka kanisani. Nilikufuata nyuma.

"Baba Atupele," Mzee Sanga alisema, "mwaka huu sijawasha hata kiberiti shambani. Muulize mtoto vizuri."

Ukamjibu kwa sauti iliyowasimamisha watu njiani: "Mwanangu hawezi kunidanganya. Mwongo ni wewe."

Alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Wiki ile tulichimba viazi vilivyokuwa tayari, tukashuka, na hukupanda tena kule juu. Kila ulipopata kazi ya mbao iliyohitaji watu wawili, uliikataa. Niliona, Tata. Nilikuwa na miaka mingi ya kusema, na kila mwaka kusema kulizidi kuwa kugumu. Hata ulipougua, mchana mmoja nikikunywesha uji, ukaniuliza, "Hivi Sanga bado yupo?" Ungenisikiliza. Nadhani ulikuwa unataka kusikia jambo lolote zuri juu yake. Nikasema, "Sijui. Kunywa uji kabla haujapoa." Ukanywa, ukaniambia ndaga. Hiyo shukrani siiwezi hadi leo.

Mwezi uliopita nilipanda peke yangu. Mzee Sanga yupo, amezeeka, na nilimkuta anafunga nyasi kwenye bomba lake kabla ya baridi kukaza. Nikamwambia yote nimesimama. Hakuacha kufunga. Alipofika mwisho wa kamba ndipo akasema, "Nilisikia amefariki. Sikuja kuzika. Sikujua kama ningekaribishwa."

Nikapiga magoti, nikaomba msamaha.

"Inuka," akasema. "Mimi niliitwa mwongo mbele ya watu. Kesho ni Jumapili. Utasema mbele ya watu."

Nilisema, Tata. Baada ya ibada nilisimama mbele, nikataja jina langu na lako, nikasema moto niliuwasha mimi na wewe ulimtukana rafiki yako kwa kuniamini mimi. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyenilaumu. Mama Sanga alilia, akatoka nje bila kunisalimu, na sikumlaumu.

Jumamosi iliyopita mzee alishuka Bujonde na mkongojo wake. Nilimwonyesha kaburi lako. Akavua kofia, akasema, "Baba Atupele, nimekuja." Kisha akaketi chini, akaanza kukusimulia kwa sauti ya chini, nami nikaondoka nikaenda kusimama kati ya mikakao, mbali, nisisikie. Nilihisi sina haki ya kusikia. Alikaa pale mpaka jua likageuka.

Pumzika, Tata. Siombi uniamini tena.

Binti yako,
Atupele