Sentensi Zangu Zinakwenda Italia

Jumapili, mwezi wa saba. Sumbawanga kuna baridi ya kukata masikio na upepo haujapumzika tangu asubuhi. Niko kwenye intaneti kafe mpya karibu na stendi, nimevaa sweta mbili za mitumba, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Skolastika amechaguliwa.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: masista wageni walitangaza nafasi moja ya kwenda kusomea uuguzi Italia, kwa binti wa parokia yetu atakayeweza kuzungumza Kiitaliano kidogo. Kitabu nilikuwa nacho mimi. Nilikiazima maktaba ya parokia, kitabu cha sarufi ya Kiitaliano kilichoandikiwa wanaojua Kiingereza, kwa hiyo kila kitu humo kinaelezwa kwa Kiingereza. Skola, rafiki yangu tangu darasa la tano, Kiingereza kinampiga chenga. Tuliomba wote wawili, nami nikajitolea kumfundisha. Miezi minne nilikaa na daftari nene, kaunta buku, nasoma Kiingereza, naandika maelezo kwa Kiswahili, na penye ugumu nashuka kabisa kwenye Kifipa, lugha yetu ya nyumbani.

Mifano ya kile kitabu ilinishinda. Watu wake wanapanda treni, wanakunywa divai, wanatembelea makumbusho. Nikaiacha yote nikaweka ya kwetu. Mama anasonga ugali wa ulezi. Ng'ombe wetu wa kulimia hataki kwenda. Na baba mdogo Deusi, ambaye alikuwa mgonjwa na alizoea kukaa karibu yangu nikiandika, nikamjaza humo: baba mdogo anaota jua, baba mdogo anataka chai ya maziwa, baba mdogo anacheka peke yake. Tulimzika mwezi wa tatu. Skola aliimba na kwaya pale msibani.

Wiki mbili kabla ya usaili akaliazima daftari ili anakili. Siku ya tatu akaja analia, eti amelisahau kwenye lori alipokuwa anapanda kutoka Muze, kule bondeni. Nikambembeleza mimi! Nikamwambia asilie, yote nimeyashika kichwani. Sijui nilikuwa mjinga wa aina gani.

Jumatano tukaenda kwenye usaili. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Skola akaniomba atangulie, kwamba mtoto wa dada yake anaumwa na anatakiwa kumuwahi. Nikampisha, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha.

Nikamsikia anaeleza kwa Kiitaliano habari za baba yake mdogo. Anaota jua. Anataka chai ya maziwa.

Niseme ukweli, kwanza nilifurahi. Kama dakika nzima nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mwalimu, nasema moyoni, vizuri Skola, hapo umepatia. Ndipo masista wakacheka kwa upendo, na mmoja akamuuliza huyo baba mdogo anaitwa nani. Akajibu bila kusita: Deusi. Sentensi zilikuwa zimemtoka neno kwa neno, kama mtu aliyezisoma jana usiku. Daftari halikupotea kwenye lori wala nini. Na marehemu wetu amemfufua akamfanya wake.

Zamu yangu ilipofika sikuwa na sentensi nyingine. Nilipofika kwenye chai ya maziwa, masista wakatazamana. Mkubwa wao akaniuliza kwa upole, kwa kile Kiswahili chake cha taratibu, "Mwanangu, haya umeyanakili kwa mwenzako?"

Nilinyamaza.

Nimelelewa hivyo. Kwetu watu wa nyumba moja hawaanikani mbele ya wageni. Likiwepo neno, mtalimaliza nyumbani. Na Skola kwetu ni mtu wa nyumbani. Nikainamisha kichwa, na masista wakachukua hilo kuwa ndilo jibu langu.

Leo baada ya Misa wakasoma jina lake. Mama yangu alipiga vigelegele vingi kuliko mama yake mzazi.

Mchana Skola akaja nyumbani. Hakukana. "Mwenzangu, wewe una kichwa," aliniambia, "nafasi nyingine utapata tu. Mimi bahati yangu ilikuwa hii moja." Nilitaka kumzaba kibao. Kilichoniuma zaidi ni kwamba huenda ni kweli, na kwamba angeniomba nimpishe, kwa jinsi nilivyompenda, labda ningempisha. Kisha akavuta kiti, akasema daftari limeishia nusu ya kitabu, nimwandikie nusu iliyobaki kabla hajasafiri.

Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote, nikasema njoo kesho.

Kesho asubuhi atapiga hodi. Nitamfungulia, nitaitikia salamu yake, halafu nitamwambia hapana, na mama nitamweleza sababu yote kuanzia mwanzo, Skola akiwa amesimama palepale. Mungu anipe huo ubavu.