Neno la Kumwitia Karani

Mjomba,

Alhamisi asubuhi nitasimama mbele ya watu pale Chikongola nizungumzie mikanda ya shoti, ile ya umeme anayofungwa mbwa shingoni. Kwetu jambo zito haliendi kwa watu kabla mjomba hajaambiwa, na wewe ulikuwa mkali kwa hilo. Hata posa yangu ulinuna wiki nzima kwa sababu baba aliisikia kabla yako. Kwa hiyo nakuambia wewe kwanza. Nimechelewa, najua.

Sijalia bado. Siku ya mazishi yako niligawa chai, nikaosha vikombe, nikarudisha viti vya kuazima. Mama ananitazama kama mgonjwa. Arobaini imepita na mimi ni vilevile, nakula nikipewa, nalala nikichoka. Nimekufa ganzi, Mjomba. Sina neno jingine.

Hapa Chuno mambo yapo kama ulivyoyaacha. Bi Somoe jirani bado anamrushia mbwa wako Karani vichwa vya samaki juu ya uzio, huku ameshika baibui lake lisije likaguswa. "Najisi ni najisi, lakini njaa nayo ni njaa." Bado anasema hivyo, kila siku, kama vile hatujawahi kumsikia. Kiti chako nimekiingiza ndani kwa sababu ya mvua. Simu yako imezimika na sijaichaji.

Ghalani kazini kwangu ndiko kuna jambo. Kuna sheria inapendekezwa. Rasimu yake inasema mikanda ile isiuzwe ovyo, na mtu asiyefunzwa asiruhusiwe kushika rimoti. Wapo wanaotaka ipigwe marufuku kabisa. Alhamisi wanakusanya maoni, na bosi ameshaniandikia ya kwangu. Karatasi yake inasema mkanda hauumizi, unamtekenya mbwa tu, kama simu inayotetemeka mfukoni. Anataka niisome mimi kwa kuwa ndiye ninayefunza mbwa wa ghala, na kwa kuwa nilifunzwa na wewe. Jina lako limo kwenye mstari wa pili. Ameandika kwamba hata wewe ungeukubali.

Nimeisoma karatasi hiyo mara nyingi. Naisoma kama orodha ya vitu vya dukani. Halafu nafika kwenye jina lako na siendelei.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Mwaka mzima hukuniruhusu kushika kamba. Ulinipa dagaa mfukoni na neno moja. Ida. Mbwa wa watu wote wanaitwa kwa "njoo," ukasema, na wezi wote wa mjini wanajua kusema njoo. Wako wataitwa kwa Kimakonde, mwizi ajifunze kwanza. Ulicheka mwenyewe mpaka ukakohoa. Kisha ukanikazia macho ukaniambia jambo ambalo nililiona dogo. Neno la kumwitia mbwa halichanganywi na fimbo. Ukitaka kumgombeza, mfuate alipo. Usimwite kisha ukampiga, maana kesho utamwita na atasikia fimbo.

Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Ulipolazwa zile wiki tatu uliniachia Karani, nikawa nakwenda naye ghalani. Mikanda ndiyo ilikuwa imefika, minne, ndani ya maboksi mazuri. Bosi alinionyesha rimoti, vitufe na namba zake za ukali wa shoti, tukamaliza somo kabla chai haijapoa. Wewe unamjua Karani. Tulimpa jina hilo kwa sababu hukagua kila kitu, matairi ya malori, viatu vya wapagazi, magunia. Ukimwita akiwa kwenye ukaguzi wake anakuja, ila anamaliza kwanza. Mimi nikataka urudi umkute anakuja mara moja, kutoka mwisho wa uwanja, kwa neno moja. Nilitaka uniambie nimekuwa fundi.

Nikamfunga mkanda, nikasema ida, nikabonyeza. Namba mbili. Akatikisa kichwa. Nikasema ida, nikabonyeza namba nne. Alilia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, kisha akaja mbio. Wapagazi walipiga makofi. Nami nilifurahi, Mjomba, lazima niseme na hilo. Siku tatu nne alikuwa anakuja mbio kweli. Baadaye akawa anakuja kwa tumbo. Baadaye hakuja kabisa, na mimi nikaongeza namba.

Ukaruhusiwa kurudi nyumbani. Nilimvua mkanda asubuhi hiyo. Uliposhuka kwenye bajaji ulikuwa umepungua mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Hukusalimia mtu. Ulikaa kwenye kiti chako, ukapata pumzi, ukaita. Karani, ida.

Alilaza masikio akaingia nyuma ya simtanki la maji. Alijikojolea, nilimwona. Ukaita tena, taratibu, kwa sauti ya kumbembeleza. Akazidi kujibana ukutani. Ukacheka kidogo ukasema, "Wiki tatu tu. Hata mbwa." Nilikuwa nimesimama nyuma yako, rimoti imo mfukoni mwa sketi yangu. Nikasema, atakuzoea tena, Mjomba.

Kesho yake uliona vidonda viwili shingoni mwake, pale vinapokaa vyuma vya mkanda. Ukaniuliza. Nikasema kupe. Ukaniangalia, ukasema, "Kupe gani hao wanaokaa wawili wawili kama maharusi?" Wote tulicheka. Sijui kama ulijua. Hilo ndilo linalonirudia, nikiwa nafagia, nikiwa naweka chumvi kwenye mboga. Kama ulijua, kwa nini hukunigombeza? Na kama hukujua, basi uliondoka ukiamini kwamba Karani alikusahau. Hukumwita tena. Ulikaa nasi siku tisa na neno lile halikutoka tena kinywani mwako.

Sasa ninalokuja kukuambia.

Karatasi ya bosi sitaisoma. Nitasema nilichofanya, kwa mpangilio nilivyokifanya, na namba nilizobonyeza. Nitasema mimi si mtu katili na bado nilifanya, kwa sababu kitufe hakikuniuma kidole. Fimbo ingenichosha mkono, ningeacha. Nitasema kama mimi niliyefunzwa na wewe nilikosea hivyo, basi yule anayenunua mkanda dukani akaenda nao nyumbani atakosea zaidi. Sheria iandikwe. Jina lako nitalitaja mwenyewe, kwa ulichosema kweli. Huenda Ijumaa nikawa sina kazi ghalani. Nimejaribu kuogopa na sijaweza.

Karani nimeanza naye upya. Jioni nakaa kizingitini na dagaa, nalisema neno mara moja tu, kisha nanyamaza. Hajaja. Jana alisimama akanitazama, akakaa tena palepale. Sikuongeza neno. Nilimwachia dagaa chini nikaingia ndani kupika.

Liko jambo jingine, na hili hata Mama hajui. Zile siku za mwisho ulikuwa unalala mchana kwenye mkeka barazani. Ukishasinzia, Karani alikuwa anatoka nyuma ya simtanki. Anakuja polepole, anaweka pua yake kwenye wayo wako, anatulia hivyo muda mrefu. Ukikohoa au ukiita maji, anaondoka haraka kabla hujafumbua macho. Alikuwa anaogopa sauti tu, Mjomba, kwa ajili ya lile neno. Wewe hakukuogopa. Alikuja kila siku, siku zote tisa. Ulikuwa umelala, hukuona. Mimi niliona nikiwa dirishani, na nikanyamaza, maana kukuambia hilo kungenilazimu kukuambia na lile jingine.

Hakukusahau.

Nimeandika hapo, na sasa karatasi imelowa matone mawili, sijui ndiyo kulia kwenyewe au vipi. Pumzika, Mjomba. Nakuahidi neno lako nitalisafisha hata likichukua miaka, na siku Karani atakapolijia, wewe ndiye utakayeambiwa kwanza.

Mpwa wako,
Anjelina